Mzee Barnaba Ameshuka

Mnaponiuliza nilifanya kazi gani kabla ya kustaafu, nyinyi vijana wa kanisa letu hapa Germantown, Amerika, huwa nawapa jibu fupi: nilikuwa nawatunza wazee. Hilo ni jibu la Jumatatu hadi Ijumaa. La Jumamosi na Jumapili huwa nalinyamazia, kwa sababu nikilisema mnacheka kwanza, halafu mnaniambia "Auntie, no way," na mazungumzo yanaishia hapo. Sasa nimeamua kuliandika, tena kwa Kiswahili, ili mwenye kutaka kucheka ajitaabishe kusoma kwanza.

Kwa misimu minne ya baridi, mwishoni mwa miaka ya tisini, mimi Mama Njeri, mzaliwa wa Nyahururu, niliyewahi kuuza viatu vya mitumba sokoni Gikomba, nilikuwa napandisha watu kilimani ili wateleze kurudi chini. Nimeiandika sentensi hiyo mara mbili nikitafuta namna ya kuifanya isikike kama kazi ya maana. Haipo. Watu wazima wanapandishwa juu, wanajifunga mbao miguuni, wanateleza mpaka chini, halafu wanapanga foleni tena. Wiki ya kwanza nilidhani kuna kitu wanachokisahau huko juu.

Kilima chenyewe kilikuwa mwendo wa saa moja na robo kwa gari kutoka hapa, ukifuata barabara kuu ya kaskazini-magharibi mpaka milima inapoanza kujitokeza. Nasema kilima. Wenyewe waliandika "mlima" kwenye kibao cha barabarani. Mimi nimekulia mahali ambapo ukifungua dirisha unaiona milima ya Aberdare, nikaamua si kazi yangu kuwasahihisha.

Kazi niliipata kwa sababu ya ubishi. Bibi niliyekuwa namtunza hapa Germantown alikuwa na dada yake, Hazel, msimamizi wa kilima hicho, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa nidhamu, aliyekuja kumsalimu kila wiki. Siku moja alinikuta mlangoni nikibishana na jamaa aliyeleta kiti cha magurudumu. Kiti kilikuwa na skrubu saba mahali pa nane. Jamaa anasema saba zinatosha. Namwambia kama saba zingetosha, kiwandani wasingetoboa matundu manane. Aliporudi kwenye gari kuitafuta ya nane, Hazel akaniuliza kama nina shughuli Jumamosi.

Nikamwambia inategemea ni ndani au nje.

"Nje," akasema.

"Basi nina shughuli."

Tulipatana siku ya pili: asubuhi ndani, kwenye chumba cha mabuti, na mchana nje, chini kwenye lifti ya viti vya kupandisha watu, pamoja na supu bila kuuliza ni bakuli la ngapi. Hiyo ya supu niliitaka iandikwe.

Sasa niwaeleze kile kilima, maana bila kukijua hamtaelewa jinsi mtu anavyoweza kupotea mahali padogo namna ile.

Hakikuwa cha tajiri yeyote. Kilianzishwa na watu wa bondeni, miaka mingi kabla hatujafika huku, wakati kiwanda chao cha kusindika matunda kilipofungwa na msimu wa baridi ukabaki hauna kazi. Hazel alikuwa msichana wakati huo. Aliniambia kila nyumba ilitoa Jumamosi zake: mwenye shoka alikuja na shoka, mwenye trekta alikuja na trekta, asiyekuwa na kitu alikuja na mgongo wake. Kamba ya kwanza ya kuvuta watu ilizungushwa na injini ya lori bovu. Lori lenyewe lilikuwa bado lipo nyuma ya kibanda, kuku wametagia ndani yake vizazi na vizazi.

Njia za kutelezea ziliitwa kwa majina ya waliozifyeka, na ukizitazama ulijua tabia zao. Ya kwanza iliitwa Walimu. Walimu wa shule ya bondeni walifyeka taratibu, wakapanua, wakapumzika, wakapanua tena. Hata bibi wa miaka themanini angeteleza pale akifuma soksi. Ya pili iliitwa Zimamoto. Wazimamoto wa kujitolea walifyeka kama wanavyokwenda kwenye moto, moja kwa moja, bila kuangalia kulia wala kushoto, na matokeo yake ni ukuta. Ya tatu iliitwa Kiwiko, kwa sababu ilishuka vizuri hadi katikati, halafu ikapinda ghafla kama mkono uliokunjwa.

Nilimuuliza Hazel kwa nini inapinda.

"Pale ndipo shamba la akina Elmer linapoanzia, likazunguka mpaka nyuma ya kilima," akasema. "Baba yake alikataa kutoa hata hatua moja. Alisema hawezi kutoa ardhi kwa watu wazima wanaotaka kuanguka kwa hiari."

"Na Elmer mwenyewe?"

"Elmer ni mtoto wa baba yake."

Bonde zima lilikuwa limejenga kile kilima isipokuwa nyumba moja, na hiyo nyumba moja ilikuwa nyuma yake, upande wa pili, ina maboma ya ng'ombe na miti ya matufaha. Ng'ombe wake ukiwa juu kileleni ungewaona kama punje za maharage.

Jambo jingine la kukijua kilima kile ni jua. Waanzilishi hawakuwa wajinga. Walichagua uso wa kaskazini, ambao jua huupita kwa mbali, ili theluji ikae. Hata hivyo miaka ile ya tisini baridi ilikuwa inakuja na kuondoka kama mgeni asiyejua kama amealikwa, kwa hiyo theluji nyingi tuliitengeneza wenyewe kwa mizinga ya kurusha maji yakagande hewani. Upande wa nyuma, wa Elmer, ulitazama jua. Huko hakukuwa na mizinga. Kulikuwa na matope, vipande vya theluji chini ya miti, na barabara ya zamani ya kuburutia magogo. Mbele kweupe, nyuma kahawia. Shikeni hilo.

Makosa yangu ya mwanzo nitawapa moja tu, mengine nimeyasamehe. Siku ya kwanza chini ya lifti niliwekwa mahali watu wanapokalia viti. Viti vinaning'inia kwenye waya mnene wa chuma, vinazunguka bila kusimama, na kazi yako ni kumshika mtu bega, kumsogeza, kiti kije kimchukue kwa nyuma. Mimi nililelewa kuwa mtu hupiti mbele yake bila kumsalimu. Basi kila aliyefika nilimpa mkono. Habari za asubuhi, watoto wazima, mmetoka wapi, baridi mnaionaje. Na wale ni watu wa adabu, walijibu. Hazel alitoka kibandani akahesabu viti kumi na moja vinavyopanda vitupu.

"Mama Njeri," akasema, "wasalimu wakiwa wanaondoka."

Chumba cha mabuti ndiko nilikokuwa nyumbani. Nyinyi mnaokodi vitu kwa kubonyeza simu hamjui raha ya kumtazama mtu anavyotembea kutoka mlangoni hadi kwenye kaunta na ukajua namba ya mguu wake kabla hajafungua mdomo. Mtu atakudanganya namba. Wanaume huongeza, wanawake hupunguza. Usiulize, tazama kisigino. Kisigino kilicholika upande wa nje, huyo anatembea akibeba mzigo. Kilicholika nyuma katikati, huyo hana haraka na hajawahi kuwa nayo. Gikomba nilisimama miaka tisa juu ya marobota ya viatu na hicho ndicho cheti changu.

Juu ya lifti, mahali watu wanapotoka kwenye viti, alikuwa kaka Mbaruku. Mtu wa Tanga, mrefu, mpole, dereva wa teksi kule Alexandria siku za kazi. Alikuwa na kasoro moja: alikuwa na Kiswahili kizuri na alikijua kuwa ni kizuri.

Zamani juu na chini waliwasiliana kwa kengele. Mtu asiye na mbao miguuni, yaani aliyepanda kutazama mandhari tu, huwezi kumwacha ajitoe mwenyewe kwenye kiti kinachokwenda. Lazima lifti ipunguzwe mwendo akifika. Kwa hiyo chini walipiga kengele mara moja: anapanda wa miguu. Juu walipiga mara mbili: ametoka kwenye kiti salama. Akirudi kwa kiti, mara tatu. Kengele haikuwa na Kiswahili kizuri wala kibaya. Halafu msimu wangu wa tatu kengele ikatolewa tukapewa redio za mkononi, na mimi na Mbaruku tukaambiwa tuongee.

"Kiti cha sita, wa miguu," nilisema siku ya kwanza. Baada ya dakika chache nikauliza, "Ame-land?"

Redio ikakwaruza kidogo. "Dada, huyo ni ndege?"

"Kaka, amefika au hajafika?"

"Sema Kiswahili, dada yangu. Tuko nchi ya watu, tusipoteze kila kitu. Mtu akitoka kwenye chombo tunasema ameshuka."

"Haya. Ameshuka?"

"Ameshuka. Umeona? Haikuuma."

Ikawa ndiyo desturi yetu. Mimi natuma namba ya kiti, yeye anajibu "ameshuka," na mimi naweka alama kwenye daftari langu upande wa kushoto. Akirudi chini kwa kiti na kupita mbele yangu, naweka alama upande wa kulia. Jioni kushoto na kulia lazima vilingane. Nilihesabu mara mbili kila siku, mara moja kutoka juu ya ukurasa na mara moja kutoka chini, kwa sababu kosa linalojificha ukihesabu kwa kushuka hutokeza ukihesabu kwa kupanda. Hiyo ndiyo njia yangu na sitaibadilisha.

Sasa tuje kwa Jumamosi yenyewe.

Kanisa letu lilikuja kutembea. Magari mawili, watu kumi na tisa, wa kutoka hapa na wa kutoka Alexandria. Miongoni mwao alikuwa Grace, nesi, ambaye wengine wenu amewadunga sindano, na baba yake, Mzee Barnaba, aliyekuwa na wiki tatu tangu atoke Kinangop, kule nyumbani. Miaka sabini na minne. Maisha yake yote alikuwa amefuga ng'ombe wa maziwa na kuwauliza watu wengine maswali kuhusu ng'ombe wao. Alivaa koti la kijani la mkwewe na viatu vya ngozi vya Jumapili, vyembamba kama karatasi.

"Mzee, hivyo viatu havipandi," nikamwambia.

"Vimefika Amerika."

"Vimefika kwa ndege. Huko juu kuna barafu." Nikaenda kwenye kasha la vitu vilivyosahauliwa nikatoa buti za kazi, za kahawia, imara, kisigino cha kushoto kimelika upande wa nje.

Akaziangalia kama mtu aliyeletewa chakula cha jirani. "Za nani hizi?"

"Za mzee aliyekuwa na adabu ya kuzisahau. Tazama ngozi. Gikomba hizi tungeziita kamera, zile za kwanza kabisa kutolewa kwenye robota, zingepiganiwa kabla jua halijatoka."

"Kisigino kimelika."

"Ndiyo maana sikudai bei."

Akacheka, akavaa. Grace akachukua viatu vya Jumapili, na pia glovu za baba yake, kwa sababu mzee alisema zinamzuia kuhisi vitu. Akazitia kwenye mkoba wake.

Walipanda wa miguu wanne siku hiyo: akina mama watatu na Mzee Barnaba. Mzee alikaa peke yake kwenye kiti cha tisa, mikono juu ya magoti, kama anapigwa picha ya pasipoti.

"Kiti cha tisa, wa miguu. Ni mzee, punguza vizuri."

Baadaye Mbaruku akajibu, "Ameshuka." Nikaweka alama kushoto. Mpaka hapo hakuna aliyekosea.

Halafu nikaitwa chumba cha mabuti. Dada wawili wa kwaya walikuwa wamevaa mabuti ya ski ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, wakayafunga vifungo vyote, na sasa hawawezi kuvua wala kutembea. Walikuwa wameketi wakiimba wimbo wa faraja. Hazel akashika nafasi yangu kwenye lifti. Kuwatoa wale dada kulinichukua dakika ishirini na jagi la maji ya moto.

Niliporudi upepo ulikuwa umeanza. Hazel akaniambia akina mama watatu wamerudi chini, wako kwenye supu. Kuhusu mzee hakuwa na hakika, alikuwa akitazama waya unavyoyumba. "Muulize rafiki yako," akasema.

Nikainua redio. "Kaka Mbaruku, yule mzee wa Kinangop ameshuka?"

"Ameshuka, dada. Zamani."

Nikaweka alama kulia. Nikahesabu kutoka juu: wanne walipanda, wanne walishuka. Nikahesabu kutoka chini: wanne, wanne. Upepo ulizidi, Hazel akafunga lifti saa tisa u nusu, saa nzima kabla ya wakati, na Mbaruku akateremka na kiti cha mwisho akipuliza vidole.

Dakika kumi baadaye Grace akaja na mkoba wake. "Mama Njeri, baba uko naye?"

"Si yuko kwenye supu?"

"Hayuko."

"Kwenye gari?"

"Nimeangalia yote mawili. Nimeangalia hata choo cha wanaume, mchungaji amenisindikiza."

Nikalifungua daftari. Alama yake ilikuwa pale, upande wa kulia, nimeikaza kwa kalamu. Nikamgeukia Mbaruku.

"Ulisema ameshuka."

"Ameshuka," akasema. "Nilimwona kwa macho yangu."

"Ameshuka wapi?"

"Kwenye kiti. Huko juu. Nimemshika mkono mwenyewe."

Niliona uso wake unavyobadilika kadiri alivyokuwa akilisikia lile neno upya, na nadhani na wangu ulibadilika vilevile. Mimi nilikuwa nimeuliza kama mzee ameshuka kilimani. Yeye alinijibu kwamba mzee ameshuka kwenye kiti. Kiswahili chetu kilikuwa safi kabisa na mzee wa miaka sabini na minne alikuwa juu ya kilima kwenye upepo bila glovu.

Grace alizitoa kwenye mkoba. Alizishika tu, na mimi nikaona afadhali angenitukana.

Hazel hakupoteza muda kuuliza ni kosa la nani. Aliwasha lifti kwa mwendo wa chini. Wazimamoto watatu waliokuwa zamu ya uokoaji pale kilimani wakapanda kwanza na mbao zao: mmoja ateremke Walimu, mmoja Zimamoto, mmoja Kiwiko. Mimi na Mbaruku tukawafuata kwa kiti, bila mbao. Kiti kiliyumba mpaka nikaona kilele kikiwa upande usio wake. Mwanga ulikuwa umebaki wa kama saa moja na kitu.

"Dada, nisamehe," Mbaruku akasema njiani.

"Tukimpata nitakusamehe. Tusipompata tutasameheana mbele ya Grace. Ulimwona akienda wapi?"

"Alisimama pembeni. Mimi nilikuwa nawashusha waliokuwa nyuma yake, nikageuka, hayupo. Nikajua amekaa kwenye kiti cha kurudi."

Kule juu kulikuwa na kibanda chenye jiko la kuota moto, nacho kilikuwa kitupu. Theluji ya mbele ilikuwa imechorwa mistari ya mbao kama daftari la mtoto, na redio ikatuletea sauti za wazimamoto mmoja baada ya mwingine: Walimu hakuna mtu, Zimamoto hakuna mtu, Kiwiko hakuna mtu. Nikasimama nikafikiri kama mfugaji. Mtu wa Kinangop amewekewa njia mbili za kwenda chini, moja ya barafu na moja ya udongo. Na upande wa udongo kuna ng'ombe.

Nikazunguka kibanda. Kwenye matope ya nyuma kulikuwa na alama nyingi za viatu vya wafanyakazi wanaotoka kuvuta sigara. Nikainama. Hii mpya, hii mpya, hii ya mwanamke. Halafu hii: buti ya kazi, na kisigino cha kushoto kimezama upande wa nje tu, ule wa ndani haukugusa vizuri.

"Huyu hapa," nikasema.

"Umejuaje?"

"Buti nilimpa mimi."

Tukazifuata kwenye ile barabara ya magogo. Hatua zilikuwa za mtu mtulivu, zinalingana, mpaka tulipofika kwenye uzio wa Elmer. Hapo nyayo ziliisha. Mahali pake palikuwa na mkwaruzo mrefu kwenye tope, kama urefu wa mtu, na mwisho wake alama ya kiganja kilichofunguliwa vidole vyote. Kiganja kitupu. Mbaruku akasoma dua kimyakimya. Mimi nilisimama nikahesabu vidole kwenye ile alama, vitano, nikahesabu tena.

Ng'ambo ya uzio, hatua tatu mbele, buti zikaanza upya. Na pembeni ya kila hatua ya kulia, kitundu kidogo cha duara. Alikuwa ameokota fimbo. Sijawahi kufurahia kitundu namna ile.

Zizi la Elmer lilikuwa na mlango mrefu wa kusukuma, na mwanga ndani. Tulipousukuma, joto la ng'ombe likatupiga usoni. Mzee Barnaba alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, koti la kijani limening'inizwa msumarini, mikono imekunjwa mpaka kwenye viwiko, akikanda kiwele kilichovimba cha ng'ombe mweusi kwa kitambaa cha maji ya moto. Tope lilikuwa limemkaukia ubavu mzima. Kando yake alisimama mzee wa Kizungu, mwembamba, mwenye kofia ya kulegea, akiwa ameshika ndoo ya pili kama msaidizi hospitalini.

Elmer akatutazama. "Ni wenu huyu?"

"Ni wetu."

"Aliingia akamtazama huyu ng'ombe, akanitazama mimi, akatikisa kichwa." Elmer mwenyewe akatikisa kichwa kuonyesha. "Halafu akavua koti. Nikaenda kuleta maji ya moto."

"Hajui Kiingereza kingi," nikamwambia.

"Sikuhitaji kingi. Alikuwa sahihi."

Mbaruku akapiga hatua mbele, kofia mkononi. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyenifukuza kule juu?"

"Nikufukuze mimi, mzee?"

"Nilifika, ukaniambia shuka. Nikashuka kwenye kile kiti. Nikasimama pembeni nitazame nchi. Ukapaza sauti tena, shuka. Nikajiuliza, nishuke tena? Nikasogea. Ukasema tena, kwa ukali, shuka, shuka haraka. Basi, mimi ni mgeni. Nikashuka." Akaendelea kukanda kiwele. "Niliambiwa mara tatu."

Mbaruku alikuwa akiwaambia akina mama wa viti vya nyuma. Nilimwona mtu wa Tanga, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akikosa neno.

Akachukua redio akamwita Hazel, na Hazel akampa Grace. "Amepatikana," Mbaruku akasema, akilichagua kila neno kama anayevuka mto kwa mawe. "Yuko ndani ya zizi. Yuko kwenye joto. Ameketi. Hajaumia. Tunamleta kwa gari, kwa barabara, mpaka mlangoni kwako."

Upande wa pili tukasikia Grace akilia, halafu akiuliza kama amekula.

Elmer alitupeleka kwa lori lake, kukizunguka kile kilima chote, kwa sababu barabara ya kutoka kwake mpaka kwetu ni ndefu kuliko kilima chenyewe. Mzee Barnaba alikaa mbele na kipande cha karatasi ambacho Elmer alimchorea kiwele, na njia nzima walioneshana kwa vidole ni mara ngapi kwa siku kitambaa kirudiwe. Elmer alisema mara mbili. Mzee alisema nne. Nilitaka kuwatafsiria, nikaona wanapatana vizuri bila mimi, walifika tatu.

Tulipoingia uwanjani, Hazel alikuwa amesimama mlangoni na koti halijafungwa. Alimtazama Elmer akishuka, na Elmer akatazama kile kibanda, zile mbao, ule waya, kama mtu anayeona sebule ya jirani baada ya kuisikia ukutani maisha yake yote.

"Kuna supu ya njegere na ya kuku," Hazel akamwambia.

"Ya njegere," Elmer akasema.

Grace alimvisha baba yake glovu kwa nguvu, kidole kwa kidole, huku akimgombeza kwa Kikikuyu, na mzee akamwacha. Alipomaliza nikasogea na daftari. Nyinyi mtasema ilikuwa wakati wa kumkumbatia mtu, si wa kuandika. Lakini ile alama yangu ya kulia ilikuwa ya uongo, nami singeweza kwenda nyumbani nikaiacha pale inanitazama. Nilikuwa nimeifuta kwa mistari miwili. Nikaandika jina lake upya chini ya ukurasa, nikabaki na kalamu hewani.

"Mzee Barnaba," nikasema, "umeshuka?"

Mbaruku akageuka haraka. Grace akaacha kugombeza. Mzee alitazama buti zake, akatazama theluji, akatazama juu kileleni ambako viti vilikuwa vimesimama.

"Nimeshuka kutoka wapi?" akauliza.

"Kutoka kilimani."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka hapa tuliposimama."

"Na hakuna mahali pengine pa kushuka zaidi ya hapa?"

"Hakuna, mzee. Hapa ndio mwisho."

"Basi nimeshuka," akasema. "Andika."